Sabuni Ilikuwapo

Nani alichagua nyeupe?
Kisiwa chote hiki udongo mwekundu,
masika yakiondoka vuli yaja,
na wazee wa klabu wakakaa kikao, wakanywa kahawa,
wakakata shauri: Kipupwe ya Limbani itavaa nyeupe.
Hawakuniuliza. Mfuaji haulizwi rangi.

Basi msimu huu mimi nimeusoma kwa madoa.

Mechi ya kwanza: tope, mgongoni zaidi.
Mtu akichafuka mgongo ujue alikuwa anaangushwa.
Tatu bila. Kocha Asaa, mwalimu wa hesabu,
alizileta mwenyewe ndani ya gunia la karafuu,
hakusema kitu, akaondoka
na alama ya vidole vyake vya chaki ikabaki mlangoni kwangu.
Ya pili sare. Ya tatu sare.
Jasho tupu, hata sabuni halidai.
Kikao kikasema, la kuvunda halina ubani,
Asaa arudi kwenye hesabu zake.
Kahawa ikawaishia kabla hawajakubaliana nani amwambie.

Kisha karafuu zikaiva.
Asubuhi wako juu ya mikarafuu, jioni wako kiwanjani,
kila jezi inanuka makonyo,
na Shaame golikipa, tawi limemvunjikia Mzambarauni,
akadaka mechi nne na kidole kimefungwa kijiti.
"Bi Tumu," akaniambia, "mpira haujui kidole kipi kibovu."
Tukashinda nne zote.
Damu, kwa asiyejua, hutolewa kwa chumvi na maji baridi.
Maji ya moto huipika ndani ya uzi,
ukakaa nayo mpaka nguo iwe tambara.

Mechi ya tisa sina la kuieleza.
Utomvu wa mgomba, jezi sita! Walipitia wapi hawa?
Tulishinda, wakakataa kusema.

Na ilikuwapo namba kumi na nne.
Ya Dadi, yule wa kuziba pancha za baiskeli.
Msimu mzima benchi.
Anairudisha imekunjwa kama nilivyoikunja mimi,
mikono ndani, namba juu.
Nilikuwa naifua vivyo hivyo.
Naichovya, nasugua kwapa lisilotoka jasho,
naianika katikati ya nyingine
isijione mgeni kambani.

Siku ya mwisho ilikuwa Konde. Wenzetu sare iliwatosha,
sisi hatukuwa na njia ila kushinda.
Sikwenda. Nilikuwa na mashuka ya watu.
Nikasikiliza redio ya jirani kupitia ukutani,
na mtangazaji alipopaza sauti
mtoto wa jirani naye akapaza yake.
Bao sikulisikia.
Nililijua kwa masufuria: Limbani nzima inagonga masufuria,
na mie nimesimama na shuka la mtu, povu mpaka kwenye viwiko,
nauliza ukuta, "Letu? Letu?"

Usiku wakaja na kombe. Dogo, kama buli,
mfuniko unacheza.
Wakaninywesha sharubati humo. Ilikuwa na ladha ya bati.
Wakaimba, wakavunja kiti changu kimoja, wakaliacha gunia.

Alfajiri nikalimwaga.
Kumi na nne haikukunjwa.
Imesokotwa kama kamba, na nilipoinyoosha,
mstari wa kijani kutoka kiwikoni hadi ubavuni,
mpana, wa mtu aliyejitupa chini kwa kupenda.
Dakika nne walimwingiza, nikaambiwa baadaye.
Mpira aliugusa mara moja tu,
aliupeleka nje, ukiwa mguuni mwa mtu wao,
golini kwetu.

Nyasi hutoka kwa ndimu na jua.
Ndimu ninazo, mti uko nyuma ya choo.
Kumi na saba nimezitia buluu,
ziko kambani zinaumiza macho.
Ile moja nimeisuuza tu.
Wazee wa klabu wakipita, waseme watakavyo.
Sabuni ilikuwapo.